Mafunzo ya kanzidata: wanavyodhani wengi hapa Lubumbashi, na ilivyo

“Chef, safari hii tunajifunza programu gani mpya?” Swali hili sikosi kuulizwa kila ninapoanza na kikundi kipya. Wengi wanadhani mafunzo ya juu ya kanzidata ni kuongeza majina ya programu kwenye CV. Kwangu, siku mbili za kwanza hakuna anayegusa kompyuta. Ninawapa biki, karatasi na kurasa za daftari la depo moja ya dawa ya mtaa wa Kenya. Humo Mama Alphonsine kaandikwa kwa tahajia tatu, basi deni lake limegeuka madeni ya watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika kikomo cha kukopeshwa! Ukihamishia daftari hilo kwenye kompyuta ya bei mbaya, kosa linahama nalo. Dawa yake ni mteja kupewa nambari moja, na kila mauzo kuielekea nambari hiyo. Ndiyo modeli ya mahusiano, yaani majedwali yanayoelekezana kwa nambari, aliyoitangaza Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970.

Hapo wajuaji huniambia NoSQL, yaani kanzidata zisizofuata modeli hiyo, imeshaizika. Wapi! NoSQL ina kazi zake, hasa data isiyokubali umbo moja. Lakini PostgreSQL, programu ya kanzidata ya majedwali ambayo ni ya bure, inapokea JSON (muundo wa kuandika data isiyo na umbo moja) tangu 2012, na madeni ya depo bado yanataka majedwali.

Dhana iliyoniumiza mwenyewe ni ile ya “nina seva mbili, sihitaji chelezo,” yaani nakala ya akiba inayowekwa kando. Nilifuta jedwali la bei kwa bahati mbaya, kabla sijashusha pumzi, seva ya pili nayo ilikuwa imelifuta. Kazi yake ni kuiga, hata ujinga. Kilichoniokoa ni diski ya nje iliyokuwa kabatini.

Wengine wanaamini usanifu mzuri unamaliza matatizo ya mtandao. Chukua depo yenye tawi Kasumbalesa, laini ikakatika. Tawi liendelee kuuza, hesabu za stoki zitofautiane, au lisimame mpaka laini irudi? Eric Brewer, mwanasayansi wa kompyuta, alilisema mwaka 2000, likathibitishwa kihisabati 2002: laini ikikatika, huwezi kupata yote mawili, kuendelea kuuza na hesabu kulingana. Darasani wafanyabiashara walipiga kelele, “Uza!” Mfamasia mmoja akakataa: parasetamo sawa, morfini hapana. Tukachora hivyo.