Fulbeki wa raga ya ligi ni nani?

Raga inayojulikana zaidi kwetu ni ile ya wachezaji 15, au ya saba. Ipo nyingine, ya wachezaji 13, iliyotokana na mgawanyiko wa mwaka 1895: klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga kwa kuwa zilitaka kuwafidia wachezaji wao ujira walioupoteza walipoacha kwenda kazini ili wacheze. Hiyo ndiyo raga ya ligi, na leo ngome yake ni Australia, hasa Sydney na Queensland. Anayevaa jezi namba 1 huitwa fulbeki, naye husimama nyuma ya wenzake wote.

Kazi yake inatokana na sheria moja. Timu yenye mpira huruhusiwa kukabwa, yaani mwenye mpira kushikwa na kuzuiwa, mara sita tu. Ikikabwa ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana baada ya kukabwa mara ya tano karibu kila timu huupiga mpira kwa mguu, mbali au juu kabisa, na anayeusubiri huko nyuma ni fulbeki. Anautazama mpira angani huku akisikia vishindo vya wanaume wanaomjia mbio. Akiudaka na kukimbia nao mita 20, amewapa wenzake mwanzo mzuri. Akiuangusha karibu na mstari wa goli lake, mpinzani akiuwahi na kuugusisha chini nyuma ya mstari huo ni trai, pointi nne.

Kazi nyingine haionekani kwenye televisheni. Kwa kuwa anauona uwanja mzima, fulbeki hupiga kelele muda wote: sogea ndani, mwache huyo, jaza upande wa kushoto. Walinzi wanaopangwa vizuri humpunguzia yeye kazi ya kukaba, kwa hiyo ukimwona fulbeki hakabi sana, usimwite mvivu upesi.

Zamani alikuwa mlinzi tu. Clive Churchill wa klabu ya South Sydney, aliyecheza miaka ya 1940 na 1950, ndiye anayesifiwa zaidi kwa kuigeuza nafasi hiyo iwe ya kushambulia pia: fulbeki anatokea nyuma, anaingia kwenye mstari wa pasi, na ghafla walinzi wanajikuta wamepungukiwa mtu mmoja. Medali ya mchezaji bora wa fainali ya ligi ya Australia ina jina lake.

Mfano bora wa safari ya fulbeki wa kisasa, kwa maoni yangu, ni Billy Slater. Alikulia Innisfail, Queensland, na kabla ya raga kumlipa alifanya kazi ya kuwapanda farasi wa mashindano mazoezini. Mwaka 2003 aliingia klabu ya Melbourne Storm, akabaki hapo hapo hadi 2018: mechi 319, trai 190. Medali ya Churchill aliipata mara mbili, 2009 na 2017. Lakini nafasi hii haisamehe. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2008, akikaribia kusukumwa nje ya uwanja, alirusha mpira ndani bila kutazama. Benji Marshall wa New Zealand akauokota na kufunga, na Australia ikalala 34 kwa 20. Mwaka huo huo Slater alitajwa mchezaji bora wa dunia.

Kinachowamaliza wengi ni mwili. Bega la Slater lilimweka nje karibu misimu miwili yote, 2015 na 2016, na wengi walidhani ameisha. Wengine hawasubiri mbio ziishe: husogea mbele, karibu na mpira, ambako akili na pasi huhesabika kuliko kasi. Darren Lockyer wa Brisbane Broncos alifanya hivyo mwaka 2004, akacheza namba 6, nafasi ya kupanga mashambulizi, hadi alipostaafu 2011. Tuzo ya mchezaji bora wa dunia aliipata akiwa fulbeki mwaka 2003, akaipata tena 2006 katika nafasi yake mpya.