"Sauti ya juu" ni ipi? Dodoso la sauti lilivyoingia Kireno

Mi natibu watu wenye shida za sauti, wengi wao walimu, na kabla sijaangalia koo la mtu nauliza kwanza hiyo sauti inamzuia nini maishani. Maana kuna mtu ukimpima ana kivimbe kidogo tu lakini ameshaacha kupokea simu, harusini haendi, na mwingine sauti imekwaruza kabisa na wala hana habari.

Kwa hilo kuna dodoso linaitwa V-RQOL, Hogikyan na Sethuraman walilitoa Marekani mwaka 1999. Lina maswali 10 tu, 6 ya mwili na kazi (pumzi kukata ukiongea, kurudiarudia ndo ueleweke) na 4 ya moyo na watu. Unajipa 1 mpaka 5, 1 ni hakuna shida, halafu jumla inageuzwa iwe 0 mpaka 100, na 100 ndo nzuri. Ukijipa 2 kote unapata 75.

Sasa Brazili. Gasparini na Behlau walichapisha uthibitisho wa toleo la Kireno mwaka 2009, wanaliita QVV, na mi nalipenda sana kwa sababu ya swali la kwanza, lile la kusikika penye kelele. Mtu wa kawaida angesema falar alto, ila alto ni juu, na juu inaweza kuwa nguvu ya sauti au wembamba wake, naona ndo maana wakaandika falar forte, yaani kuongea kwa nguvu, na alto wakaiweka kwenye mabano. Mswahili hapo haelezwi mara mbili, "sauti ya juu" yetu ina mtego uleule: mwanakwaya anawaza soprano, mwalimu anawaza darasa la watoto 80.

Maneno yakishakaa ndo kazi inaanza. Unawapa wenye shida ya sauti na wasio nayo, alama zao zisipoachana basi dodoso halijui linapima nini. Unaangalia kama maswali yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Unampa mtu yuleyule tena baada ya muda, bila tiba yoyote katikati, na majibu yasiyumbe. Afu ile ambayo wengi wanairuka, unampima kabla na baada ya tiba, maana mgonjwa akipona na alama zikabaki palepale hiyo karatasi utaitumiaje kliniki? Wabrazili walipima yote haya.

Ndo maana roho inaniuma nikiona dodoso limetafsiriwa Kiswahili usiku mmoja na kesho yake linahesabiwa alama. Chukua swali la 10, Wabrazili wameandika menos expansivo, yaani uchangamfu umepungua kwa sababu ya sauti. Nikiwauliza wagonjwa wangu kwa Kiswahili wengine wananijibu "siku hizi nimekuwa mpole", na wanalisema kama sifa, kwa hiyo hapo wanajipa 1, hakuna shida, na huyo ndo aliyeacha kupokea simu.