Nguo za nyumbani darasani: yanayosemwa na yalivyo

Kila mwaka, fomu ya kujiunga na sekondari ikishafika nyumbani, swali linarudi: hivi ni lazima sare? Mtoto akivaa suruali safi na fulana yenye kola, kuna somo gani litakalomshinda? Majibu ya wazazi wenzangu huja haraka, na mengi hayasimami ukiyashika vizuri.

"Bila sare, nidhamu inakwisha na masomo yanashuka."

Hili ndilo linalosemwa kuliko yote. Ujerumani na Ufini, wanafunzi wa sekondari huenda shule na jinzi na raba zao za kila siku, na wanasoma. Kule Marekani, watafiti David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore walichapisha mwaka 1998 uchambuzi wa takwimu za wanafunzi wa darasa la 10. Sare haikuonekana kupunguza utoro, utovu wa nidhamu wala matumizi ya dawa za kulevya, na alama hazikupanda kwa sababu yake.

Tena kuruhusu nguo za nyumbani hakumaanishi kuruhusu kila nguo. Shule isiyo na sare inaweza kabisa kuwa na masharti: maabara ya kemia inataka viatu vinavyofunika vidole, na mtandio unaoning'inia karibu na moto ni hatari kweli. Hapa kwetu zipo shule za bweni zinazowaachia wanafunzi nguo za nyumbani wikiendi, na Jumatatu asubuhi wako mstarini kama kawaida.

"Sare inafuta tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho."

Inaipunguza, kuifuta haiwezi. Aliyesoma shule ya kata anajua. Sketi hununuliwa kubwa fomu wani, ikunjwe pindo, ili ifike fomu foo. Kila mwaka pindo linashushwa kidogo, na pale lilipokuwa limekunjwa unabaki mstari wa rangi ya bluu iliyokoza, kwa sababu sehemu nyingine yote imepauka kwa jua na sabuni ya mche. Ukihesabu mistari ile unajua sketi ina miaka mingapi. Shati jeupe nalo hugeuka rangi ya chai, na kola inakatika pale shingo inapoigusa kila siku. Darasa zima limevaa sare moja, na kila mtu anajua nani ana shati moja tu.

"Basi tuziache sare, nguo za nyumbani hazina gharama."

Korea Kusini walijaribu nchi nzima. Mwaka 1983 serikali iliondoa sare katika shule za sekondari, na wanafunzi wakaanza kuvaa nguo zao. Wazazi wakalalamikia gharama, na walimu wakaona ugumu wa kumtambua mwanafunzi akiwa mtaani. Mwaka 1986 shule ziliruhusiwa kuchagua zenyewe, na nyingi zikarudi kwenye sare. Kwa hiyo anayeitetea sare kwa hoja ya mfuko wa mzazi ana hoja, nami namheshimu.

"Siku hizi elimu ni bure, sare ni kitu kidogo."

Hapa ndipo ninapoumia. Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, lakini sare ilibaki juu ya mzazi, pamoja na viatu, soksi na sweta. Kitu kidogo kwa nani? Kuanzia mwaka 2003, Esther Duflo, Pascale Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule za msingi 328 magharibi mwa Kenya, na wanafunzi wa darasa la sita katika baadhi ya shule hizo wakapewa sare bure. Palipotolewa sare pekee, walioacha shule walipungua, wavulana kwa wasichana, na mimba za wasichana wadogo zikapungua pia. Kilichofanya hivyo ni nguo tu, ya dola chache.

Mimi sare naikubali, na nguo za nyumbani sizioni kuwa uhuni. Nisichokikubali ni mtoto kurudishwa getini kwa sababu ya alichovaa. Tulipokuwa kidato cha pili, jirani yangu wa dawati alirudishwa Jumatatu kwa kuvaa viatu vya kahawia. Wiki ile tulikuwa tunaanza logi kwenye hisabati. Alirudi Alhamisi na viatu vyeusi vya kaka yake, vimemzidi namba mbili, mbele ameshindilia karatasi za gazeti. Mwalimu alikuwa ameshafuta ubao.