Wageni Wakikatika Lamu: Msaada Hufuata Daftari

Tangu tuanze zoezi la kusajili vikundi vya wafanyakazi wa utalii, lalamiko moja limetufikia kutoka Shela, Mkomani na hata Matondoni. Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya Uviko-19, waongoza wageni na manahodha hawakuona msaada, basi majina yao sasa yatakiwa ya nini? Ni swali la haki. Nitalijibu kama afisa wa ushirika, si kama msemaji wa Hazina.

Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwishoni mwa Machi 2020, zikarudi Agosti 1. Mwezi Mei serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Upande wa utalii zilitengwa bilioni 2 za mikopo nafuu ya kukarabati hoteli, bilioni 1 ya kuajiri maskauti 5,500 wa wanyamapori, na bilioni 1 nyingine kwa hifadhi 160 za jamii. Tazameni waliotajwa. Hoteli ina usajili, hifadhi ina kamati na hesabu, skauti yumo kwenye orodha ya mishahara. Nahodha anayepeleka wageni Takwa na Manda Toto hakuwemo katika daftari lolote ambalo fedha hizo zingeweza kulifuata. Sisemi ilikuwa sawa. Nasema fedha za umma hazitolewi kwa mtu kwa sababu mtaa mzima wamjua.

Na tafadhali, leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ni ruhusa ya kufanya kazi. Si bima, si hisa, wala haimdai yeyote akulipe wageni wasipokuja. Hili nalieleza karibu kila wiki, wakati mwingine kwa mtu yuleyule.

Lamu hatuhitaji maradhi ya dunia nzima ili kazi isimame. Mashambulizi ya Kiwayu na Manda, Septemba na Oktoba 2011, yaliwatawanya wageni. Juni 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni, na baadaye amri ya kutotoka nje usiku iliyodumu miezi. Na kila mwaka kuna kusi, majira ya upepo mkali wa kusini: hoteli kadhaa za Shela hufunga, mashua zikapandishwa pwani kutiwa kalafati. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, Tanzania, wanaojiita wagumu, nao walikaa bila mizigo mwaka 2020, lakini baadhi yao wana kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, cha kurudia. Cha kurudia cha nahodha wetu ni uvuvi. Kusi ikichachamaa, uvuvi nao hupungua, na ile amri ya usiku ya 2014 iliwafungia wavuvi vilevile. Kazi ya akiba husimama pamoja na kazi yenyewe. Ndiyo maana mtu wa bahari hana budi kuweka fedha.

Sasa utaratibu, na hapa nitakwenda polepole. Chama cha ushirika cha msingi huhitaji watu wasiopungua 10. Mnafanya mkutano, mnaandika muhtasari wenye majina na sahihi, mnachagua kamati ya muda, mnaandaa sheria ndogo, kisha mnaleta maombi kwetu. Wengi huleta sheria ndogo zilizonakiliwa kutoka chama cha walimu, jina la walimu likiwa bado lipo ukurasa wa tatu. Hizo tunazirudisha.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani amana za Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ni za kutoa wakati wowote. Amana ni dhamana ya mikopo, yako na ya wenzako uliowadhamini. Ukizitaka, unajitoa uanachama kwa barua, unasubiri muda wa notisi, ambao kwa kawaida ni siku 60, deni lako linakatwa, na uliowadhamini watafute mdhamini mwingine. Hisa hazirudishwi, huuziwa mwanachama mwingine. Aliyekuja Mei akitaka amana za kununulia unga hakudhulumiwa na karani.

Kwa hiyo tunashauri mfuko wa pili, mbali na amana. Kila safari, kiasi kidogo kikatwe kabla nahodha, baharia na mwongoza wageni hawajagawana. Sheria ndogo zitaje tukio linalofungua mfuko, liwe tangazo rasmi na si habari za barazani, zitaje wanaotia sahihi, na kiwango cha kila mtu kwa mwezi. Bila kiwango, wenye sauti kubwa humaliza mfuko wiki ya kwanza. Kiongozi atakayeutumia vibaya huchunguzwa, na sheria inaruhusu atozwe fidia kutoka mfukoni mwake.

Mkopo wa Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ule wa mtu binafsi, si ruzuku. Una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, asilimia 5 ya mkopo huenda kwenye akiba, na muda wa kulipa ni siku 14. Ukikopa Mei na wageni wako huja Julai, hesabu hiyo haihitaji afisa. SHA nayo, yaani bima ya afya ya serikali, kwa asiye na ajira ya mshahara hulipwa kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600, na ni afadhali zitoke Januari mjini kukiwa na wageni.

Mwisho, mahamali wa gati na wenye punda wanaobeba mizigo ya wageni. Vikundi vingi vinawaacha nje kwa sababu sheria ndogo zimeandika kuwa mwanachama ni mwongoza wageni. Andikeni "mtu anayepata riziki kutokana na utalii Lamu", nao wataingia. Kwa vikundi vilivyokwisha kusajiliwa, kipengele hicho hurekebishwa kwa azimio la mkutano mkuu, kisha marekebisho huletwa kwetu yasajiliwe. Muhtasari usiwe na sahihi za watu waliokuwa Mombasa siku hiyo.