Kiti cha Pikipiki na Afya ya Mwendeshaji: Maswali na Majibu

Mwendesha bodaboda wa Kampala, Mbale au Tororo huweza kushinda juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku, na kiti kilichotoka na pikipiki kiwandani kikichoka humlazimu kununua kingine dukani au kumpelekea fundi akijaze upya. Maswali yafuatayo ni ya wale wanaotaka kiti kisichowaumiza, nayo yanajibiwa hapa kwa upande wa afya kuliko upande wa mapambo.

Je, kiti kilicho laini zaidi ndicho bora?

Hapana, na kosa hili limewaumiza wengi. Mtu akiketi wima, uzito wa kiwiliwili chake hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, ambayo yeyote anaweza kuigusa akikalia viganja vyake juu ya benchi gumu. Sponji laini mno hupendeza dukani, lakini baada ya nusu saa barabarani huwa imebonyea kabisa, mifupa ile imezama hadi karibu na bamba la chini, na nyama za msamba, yaani sehemu iliyo kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri, ambamo hupita mishipa ya fahamu na ya damu inayohudumia sehemu za siri, zinaanza kubeba mzigo usiokuwa wake. Ganzi ambayo waendeshaji wengi huiona kuwa ya kawaida huanzia hapo. Sponji inayofaa ni ile iliyo ngumu kiasi, inayobonyea polepole na kurudi mahali pake mara uzito unapoondoka.

Nitaitambuaje sponji nzuri ilhali imekwisha kufunikwa?

Weka goti lako juu ya kiti na ulielemee kwa uzito wako wote. Goti likifika kwenye bamba gumu, kiti hicho hakitakufaa kwa kazi ya kutwa. Ukimpa fundi kazi ya kushona, iwe ni mtaa wa Katwe jijini Kampala au pembeni mwa steji yako, mwombe uione sponji kabla hajaifunika, kwa sababu viti vingine hujazwa vipande vya magodoro ya zamani ambavyo baada ya wiki chache hujikusanya upande mmoja na kumfanya mtu akae akiwa amepinda bila kujua. Baada ya hapo kikalie kwa robo saa nzima, ukiwa na suruali unayofanyia kazi na miguu ikiwa mahali pake pa kukanyagia. Kujaribu kiti kwa dakika moja hakukuambii lolote la maana.

Umbo lake nalo lina athari?

Lina athari kubwa, na kwa maoni yangu linastahili kuangaliwa kabla ya sponji. Kiti kinachoteremka kuelekea mbele humsukuma mwendeshaji kwenye tangi kila anaposhika breki, naye akijizuia kwa mikono, mabega na viganja huchoka huku msamba ukibanwa. Sehemu ya kukalia iwe tambarare au ipande kidogo tu kwa mbele, na iwe pana kiasi cha kuibeba mifupa yote miwili. Lakini pale mapaja yanapopita iwe nyembamba, ili miguu ishuke bila kutanuliwa mno. Angalia pia mishono: mshono mnene uliopita katikati ya kiti ni kama kamba unayoikalia kutwa. Tena, fundi akiongeza sponji kwa sentimita chache, kiti huinuka kwa kiasi hicho, na mtu mfupi anayesimama kila mara katika msongamano wa Kampala huhitaji nyayo zake zifike chini bila kuning'inia, vinginevyo atakuwa amenunua raha ya makalio kwa hatari ya kuanguka.

Kiti kipya kitaniponya maumivu ya mgongo?

Kinaweza kuyapunguza, lakini kisitarajiwe kufanya kazi ya springi. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi hutikisika kupita kiasi pale mtikisiko unaotoka chini unapofikia mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na barabara ya murram yenye mikunjo, springi zilizochoka na matairi yaliyojazwa upepo kupita kiasi huuzidisha mtikisiko huo. Tengeneza springi na upepo wa matairi kwanza. Halafu ushuke kwenye pikipiki kila baada ya saa moja hivi, utembee na kunyoosha nyonga, kwani hakuna kiti kinachoufaa mwili usiosogea.

Vipi kuhusu joto na jasho?

Jalada la plastiki linalong'aa huzuia jasho kukauka, na jasho pamoja na msuguano huleta michubuko, vipele na fangasi kwenye mapaja na kinena. Mvua ikipenya kwenye mishono, sponji hukaa na maji siku nzima, kwa hiyo chagua jalada lisilopitisha maji lakini lenye uso mkavu usioteleza, na usiache kiti juani bila kukifunika. Kukaa muda mrefu kwenye mtikisiko kunaweza pia kuchangia jipu linalotokea juu ya mfereji wa makalio, karibu na kifandugu; wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia liliwapata askari wengi wa Marekani waliosafiri kwa magari ya Jeep, hata likaitwa ugonjwa wa Jeep. Kwa wanaume, korodani huhitaji kuwa na joto lililo chini ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi ili zitengeneze mbegu vizuri, na hiyo ni sababu nyingine ya kuepuka suruali ya kubana juu ya kiti kinachohifadhi joto.

Je, kiti ndicho kinacholeta bawasiri?

Kiti kibaya huongeza maumivu ya bawasiri iliyopo, lakini choo kigumu na kujikamua ndivyo vinavyopaswa kushughulikiwa kwanza. Waendeshaji wengi hawanywi maji ya kutosha kwa kuogopa kukosa choo njiani. Kunywa maji, kula mboga na matunda, na usiahirishe kwenda haja.

Abiria naye?

Akipanda upande upande, uzito wake huangukia paja moja na mgongo wake hujikunja, kwa hiyo sehemu yake ya kiti isiteleze, na chuma cha kushikia nyuma kisiondolewe wakati wa kubadilisha kiti. Kiti kirefu zaidi si ruhusa ya kubeba abiria wawili.

Ni wakati gani niache kubadilisha viti na kwenda hospitali?

Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kushuka hutokana zaidi na mbano, na kiti au mkao bora huweza kuiondoa. Isipoisha, au ikirudi kila siku hata baada ya kubadilisha kiti, mwone mhudumu wa afya. Lakini ganzi ya msamba na sehemu zinazogusa kiti, ikiandamana na kushindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu kulegea, ni dalili kwamba mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo imebanwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, ukipelekwa na mtu mwingine, wala usijiendeshe mwenyewe.