Mtetemo wa simu hautoki kwenye spika

Wengi huamini kwamba simu inapotetemeka, ni spika inayotikisika kwa sauti nzito. Ndiyo maana mtetemo ukikatika husema spika imekufa. Sivyo. Mtetemo una kifaa chake, mota ndogo sana iliyofichwa ndani ya simu.

Mota ya aina ya zamani ina mhimili wenye kipande cha chuma kizito kilichoelemea upande mmoja. Ikizunguka, uzito huo huivuta simu huku na huku, nasi tunausikia mkononi. Simu nyingi za siku hizi zina aina isiyozunguka kabisa: koili (waya uliozungushwa mara nyingi) na sumaku husukuma kipande kizito kwenda na kurudi kwenye springi. Hii huanza na kusimama upesi, kwa hiyo kila herufi unayogusa huitikiwa kwa mdundo mfupi, mkavu. Kwangu mimi, hii ni bora mno.

Naelewa mkanganyiko unakotoka. Spika nayo ina koili na sumaku, na muziki ukipaa, mgongo wa simu hutikisika kweli. Ila spika husukuma utando mwepesi ili kusogeza hewa.

Basi mtetemo ukipotea, usikimbilie kubadilisha spika. Angalia kwanza mipangilio, na hali ya kuokoa betri, maana katika baadhi ya simu huuzima. Kama muziki unasikika vizuri lakini mtetemo bado haupo, mshuku mota au viunganishi vyake.