"Asilimia 99.9" si sawa na "haizimiki"

Wengi wetu tunaounda programu hapa Mombasa tumeamini kwa muda mrefu kuwa huduma ya wavuti, yaani ile ambayo programu zetu huiomba kazi kupitia mtandao, inayoahidi kupatikana kwa asilimia 99.9 ya muda ndiyo ile isiyozimika. Si ajabu, namba yenyewe imebakisha kidogo tu kufika mia.

Ila hebu tupige hesabu. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Ile sehemu moja ya elfu isiyoahidiwa ni dakika 43, na kwa mwaka ni karibu saa 9. Dakika hizo zikiangukia saa moja asubuhi, muuza mahamri na mbaazi wa Majengo anayepokea oda kupitia programu ya simu keshakosa wateja wake wa siku.

Tena programu yake haitegemei huduma moja. Kuna ramani, malipo, ujumbe mfupi, ukaguzi wa nywila na hifadhi ya picha. Oda ikihitaji zote tano, na kila moja izimike kwa wakati wake, upatikanaji hubaki karibu asilimia 99.5: kuzimika kwa zaidi ya saa tatu na nusu kwa mwezi. Hapa ndipo wengi hushtuka, nami nilishtuka.

Kabla ya kuchagua, soma mkataba wa huduma. Mara nyingi muda wa matengenezo yaliyopangwa hauhesabiwi, na fidia huwa punguzo la bili tu. Kisha itumie huduma hiyo ombi la majaribio kila dakika kwa wiki nzima, ukiandika majibu. Mwishowe, kwenye majaribio, ikatie programu yako huduma moja makusudi, uone oda inapotelea wapi.